Siri ya Serikali, Fedha za Nani?

Msikilizaji, siri ya serikali ikivuja, wananchi hugawanyika papo hapo. Tuchukue mfano wa Kenya. Januari 2006, taarifa ya John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa masuala ya utawala na maadili, ilifika magazetini yeye akiwa uhamishoni Uingereza. Ilihusu kashfa ya Anglo Leasing. Mfumo wa kutengeneza pasipoti, ambao kampuni ya Ufaransa ilitaja bei ya euro milioni 6, ulikabidhiwa kampuni ya Anglo Leasing kwa euro milioni 30. Waliomwita shujaa walikuwa wengi. Wengine wakamwita msaliti, hasa waliposikia kwamba aliwarekodi wakubwa kisirisiri.

Jambo hili linakuhusu vipi? Ni kwamba tofauti ya bei kama hiyo hulipwa kwa kodi yako, ile unayokatwa kwenye sabuni na mafuta.

Sasa, upande wa pili nao una hoja. Zipo siri za kweli: mahali askari walipo, jina la shahidi anayewindwa. Zikitoka hizo, mtu anaweza kuuawa. Lakini bei ya mfumo wa pasipoti si siri ya ulinzi, hata ipigwe mihuri kumi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Swali ninalokuachia ni hili: mtumishi wa umma akikuta wizi ndani ya faili la siri, amwambie nani, ikiwa mkubwa wake ndiye aliyetia saini?