Namba ya Siri Haiazimwi
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ikuti, wilayani Rungwe)

Najua mlitegemea niongelee malaria au lishe. Leo tuongee habari ya simu. Nayo ni afya hiyo hiyo, maana siku hizi nauli ya kumkimbiza mgonjwa Tukuyu haikai chini ya godoro, inakaa kwenye simu.

Shuleni simu hairuhusiwi. Lakini nyumbani, nani anamsomea bibi meseji? Nani anamsaidia kutoa hela ya chai au ya parachichi? Ni wewe. Basi, mlinzi wa hela hiyo ni wewe.

Sasa, mwizi anafanyaje? Hana haja ya kuiba simu. Anapiga, anajifanya mhudumu wa mtandao: "Mama, laini yako inafungwa leo. Nitajie namba ya NIDA na namba ya siri." Akishazipata, anatafuta njia ya kuirudisha laini ya bibi kwenye kadi yake, eti yeye ndiye aliyeipoteza.

Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo mwizi anahitaji wakala asiye mwaminifu, au kidole chenu wenyewe. Bibi akiambiwa, "Hakijasoma, bonyeza tena," ulizeni kwanza: cha nini? Kidole cha pili chaweza kusajili laini nyingine kwa jina lake, ikatumika kutapeli watu.

Dalili ni ipi? Simu inapoteza mtandao ghafla, wakati za majirani zinashika. Msisubiri kesho! Azimeni simu ya mtandao huo huo, pigeni 100, laini na akaunti zifungwe. Kisha bibi aende na kitambulisho kwenye duka la mtandao, na polisi.

Kinga je?
- Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.
- Namba ya siri isiwe 1234 wala mwaka wa kuzaliwa. Mfundishe bibi aibonyeze mwenyewe. Wakala asitajiwe, hata akiwa shemeji.
- Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" msiijibu. Ipelekeni 15040.

La mwisho: bibi akitapeliwa, msimcheke. Akiogopa kuchekwa atanyamaza, na kila saa anayonyamaza ni ya mwizi.

Haya, maswali?