Mpangaji wa Mji na Mpangaji wa Chumba

Hotuba kwa wenyeji wa Biashara Street, Mombasa



Sifa ya leso na vikoi vya barabara hii imefika mbali sana. Mtu akipita hapa asubuhi huona maduka yakifunguliwa, mafundi wa cherehani wakishona pindo za leso vibarazani, na mahamali wakisukuma mikokoteni kutoka upande wa Marikiti. Jioni maduka hufungwa na watu hao hutawanyika. Je, wanakwenda kulala wapi? Kodi yao ni kiasi gani? Na ni nani aliyeamua iwe hivyo?

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili. Mtu anayelipia chumba huitwa mpangaji. Na yule anayechora ramani ya mji, akasema hapa pawe maduka, hapa viwanda, na hapa nyumba za kulala, naye ni mpangaji vile vile. Wawili hawa hawaonani mara kwa mara, lakini kalamu ya huyu ndiyo inayoamua kodi ya yule.

Kupanga mji maana yake nini? Ni kuugawa katika sehemu na kuiwekea kila sehemu masharti yake: ukubwa wa kiwanja, idadi ya ghorofa, vifaa vya kujengea, nafasi baina ya nyumba na nyumba, na kazi zinazoruhusiwa humo. Masharti haya si mabaya. Bila hayo mtu angeweza kuweka karakana ya kuchomea chuma kando ya chumba cha mgonjwa, na gari la zimamoto lisipate pa kupita. Lakini kila sharti lina gharama yake, na gharama hiyo mwisho humfikia mwenye kulipa kodi.

Tufanye mfano. Kiwanja kimenunuliwa kwa Shs. 900,000. Ikiwa sharti lasema ijengwe nyumba ya familia moja tu, familia hiyo itabeba fedha zote hizo kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Ikiwa sharti laruhusu nyumba ya vyumba sita, na kila chumba kina watu wake, kila kimoja kitabeba Shs. 150,000. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika karatasi.

Wazee wa Mombasa walilijua jambo hili zamani. Nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba, na wengi wao walikuwa wanawake, alikaa humo humo akapangisha vyumba vilivyobaki. Huko Majengo, na baadaye Kisauni, Likoni na Changamwe, wenye ardhi waliruhusiwa kuchora viwanja na njia, na watu wakajenga nyumba za namna hiyo kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hivyo watu wengi walipata makao kwa jasho lao wenyewe.

Lakini mpango huo ulikuwa na ufa. Aliyejenga alimiliki kuta na paa. Ardhi ilikuwa ya mwingine. Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi, ambayo ingali inajulikana sana hapa Pwani. Mwenye nyumba ya namna hii huogopa kutia fedha nyingi katika kuta zake, kwa kuwa hajui mwenye ardhi atasema nini kesho.

Kusahau makao ya wafanya kazi kuna hasara. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na moja katika madai yao lilikuwa fedha za nyumba. Tume ya Bw. Willan ilipochunguza habari hiyo iliona uhaba wa nyumba na ubovu wake. Baadaye Manispaa ilijenga mitaa ya kupangisha, kama vile Tudor na Changamwe. Kisha, katika miaka ya 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mikindani ilikatwa viwanja vyenye maji na njia, ili kila mtu ajenge kwa kadiri ya uwezo wake. Huko Chaani, badala ya kubomoa mtaa mzima, huduma zilipelekwa pale pale watu walipokuwa.

Mwaka 2021 nyumba za zamani za Buxton, njiani kuelekea daraja la Nyali, zilibomolewa ili pajengwe majumba marefu ya kuuza. Ni kweli kwamba ghorofa nyingi hugawanya gharama ya ardhi. Lakini aliyeweza kulipa kodi ya mwezi si lazima aweze kununua. Mpango mwema hauna budi kuwa na milango miwili, mmoja wa mnunuzi na mmoja wa mpangaji.

Tukumbuke pia kwamba tuko kisiwani. Fundi wa leso akihamia ng'ambo, huenda kodi yake ikapungua, lakini nauli itaongezeka. Kivuko cha Likoni hakimtozi mwenda kwa miguu. Matatu humtoza kwenda na kurudi. Kwa hiyo desturi ya duka chini na makao juu, iliyo ya zamani katika mitaa hii, yafaa ilindwe katika ramani.

Basi tufanye nini? Kwanza, mjue haki yenu: Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Pili, tangazo la mpango mpya au la kubadili matumizi ya kiwanja likitolewa, lisomeni, na mpeleke maoni kwa maandishi kabla ya siku zake kwisha. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yawapa nafasi hiyo. Tatu, mwulize fedha zinakwenda wapi, maana kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 2024 mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho.

Wenye maduka husoma matangazo hayo kwa kuwa wana mali ya kulinda. Nawaomba wamsomee na fundi aliyeko kibarazani, kwa sababu asipopata pa kulala karibu, hata hizo leso zitakosa wa kuzishona pindo.