Je, Bomu la Atomiki Lilikuwa Lazima?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Kisii na Nyamira



Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya neno moja: lazima. Ndugu mmoja alisema bomu la atomiki lilikuwa lazima ili vita na Wajapani viishe. Mwingine akasema yalikuwa mauaji tu. Hatukumaliza, kwa hiyo halmashauri imetutuma sisi watatu tuyaweke mambo wazi leo.

Kwanza, yaliyotokea. Tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu moja juu ya mji wa Hiroshima, na tarehe 9 bomu la pili juu ya Nagasaki. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki. Wengi wao hawakuwa askari. Tarehe 15 Mfalme wa Japani alitangaza kwa redio kwamba vita vimekwisha kwao.

Wanaosema lilikuwa lazima wana hoja nzito, nasi hatuidharau. Katika kisiwa cha Okinawa, tangu Aprili hata Juni 1945, watu zaidi ya 200,000 walikufa. Kuivamia Japani yenyewe kungaliua wengi zaidi, na jeshi lake lilikuwa bado likiua watu China na penginepo. Hapa kwetu hoja hii ina sura za watu. Wazee wetu walipigana Bama pamoja na KAR. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, katika mvua na malaria, mpaka Kalewa. Mtoto wa askari akisema, "Bila bomu lile pengine baba asingalirudi," nani atamcheka?

Lakini na tuulize: mlango mwingine haukuwapo? Tarehe 8 Agosti Urusi ilitangaza vita juu ya Japani, na kesho yake majeshi yake yakaingia Manchuria. Jambo hilo nalo liliwatisha sana wakubwa wa Tokyo. Wajapani walihofia mfalme wao ataondolewa. Hawakuambiwa wazi kabla ya mabomu kwamba atabaki, mwishowe akabaki. Tume ya Marekani yenyewe iliandika mwaka 1946 kwamba Japani ingalisalimu amri kabla ya mwaka 1945 kwisha, hata bila bomu. Wako wataalamu wanaoikataa hesabu hiyo. Lakini kati ya bomu la kwanza na la pili zilipita siku tatu tu. Je, huo ni muda wa kungoja jibu?

Ndugu, neno hili "lazima" lilifika Gusii kabla ya kufika Japani. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa serikali. Northcote alipona. Hata hivyo askari wenye bunduki waliletwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Habari zilipofika London kwamba watu 160 wameuawa, naibu wa waziri wa makoloni aliandika kwamba jambo hili lafanana na uchinjaji, na kwamba haiwezi kuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga. Jina lake Winston Churchill. Ni yeye huyo, akiwa Waziri Mkuu, ambaye Julai 1945 serikali yake ilikubali bomu litumiwe. Mwenye kushika mpini ndiye husema "lazima". Aliyeshika makali haulizwi.

Wala wafanyakazi hawakuulizwa. Urani nyingi ya kutengenezea mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Waafrika wenzetu, wala hawakuambiwa ni ya kazi gani. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni iyo hiyo walipogoma Elisabethville wakidai mshahara, askari waliwapiga risasi, wengi wakafa.

Sisi twaona hivi. Huenda bomu liliharakisha mwisho wa vita. Kwamba lilikuwa lazima, hakuna aliyethibitisha. Chama chetu kina desturi. Kabla ya kugoma twaandika barua, twakaa mezani, twamwita mpatanishi. Na hata tukigoma, hatuichomi nyumba anamolala mtoto wa meneja. Ikiwa mchuma majani ya chai wa Nyansiongo na mchonga mawe wa Tabaka waweza kufuata kanuni hiyo, kwa nini serikali kubwa zisiweze?

Basi mtu ye yote akikuambia "ni lazima", muulize maswali mawili: Umebisha mlango gani kwanza? Na atakayelipa ni nani?

Mjadala uko wazi, ndugu. Mwenye kutupinga na asimame.

Umoja ni nguvu.