Simu Inayosema na Haki ya Mnunuzi



Nakawa ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala, nayo inafahamika vyema kwa askari wa Uganda. Makao makuu ya polisi yako Naguru, kambi ya jeshi iko Mbuya, na gereza kuu liko Luzira. Humo humo, katika mtaa wa Bugolobi, ndimo zilimo ofisi za Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Kama ilivyo kila penye watu wengi, simu zilizokwisha kutumika huuzwa na kununuliwa kila siku. Biashara hiyo ni halali, na humwezesha mwenye kipato kidogo kupata chombo ambacho asingeweza kukinunua kikiwa kipya.

Hata hivyo, anayeuza simu huuza vitu viwili. Cha kwanza ni chombo chenyewe, ambacho ni mali yake kama vile saa au baiskeli. Cha pili ni programu zilizomo ndani yake, na hizo kwa kawaida si mali yake. Alilolinunua ni idhini ya kuzitumia, yaani leseni, na kila leseni ina masharti yake. Kwa mnunuzi anayeona, tofauti hiyo huenda isimsumbue. Kwa mnunuzi asiyeona, tofauti hiyo ndiyo huamua kama amenunua simu au amenunua kipande cha kioo kisichosema naye.

Asiyeona hutumia simu kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti maandishi yote yaliyo juu ya kioo. Katika miaka ya 2000, programu mashuhuri za aina hiyo katika simu za Nokia zilikuwa Talks na Mobile Speak. Zote mbili ziliuzwa kwa fedha, mbali na simu yenyewe, na leseni yake ilifungwa kwenye IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu duniani. Kwa hiyo aliyeuza simu yake aliiacha leseni ndani ya simu hiyo, na alipopata simu nyingine ilimbidi aombe kuihamisha au anunue upya. Naye mnunuzi hakuwa na hakika kama sauti aliyoisikia dukani ilikuwa ya leseni halali, au ya nakala iliyoibwa ambayo ingenyamaza wakati wowote.

Hali ilibadilika mwaka 2009. Mwaka huo simu ya iPhone 3GS ilitoka ikiwa na VoiceOver ndani yake, na mfumo wa Android ukapata TalkBack. Programu hizo hazidai malipo ya ziada, na simu ikiuzwa huenda nayo. Ziko pia programu huru, kama vile eSpeak, inayoweza kusoma Kiswahili. Leseni yake inamruhusu yeyote kuinakili, kuigawa na hata kuiuza, mradi asimnyime anayempa uhuru huo huo.

Je, matatizo yamekwisha? La, yamehama tu. Siku hizi sauti nzuri zaidi na programu nyingine za msaada hununuliwa kwa jina la mtumiaji na neno lake la siri, wala hazifungwi tena kwenye namba ya simu. Muuzaji akiifuta simu yake, kama inavyompasa, programu hizo zinaondoka. Asipoifuta, mnunuzi anabaki akitumia akaunti ya mtu mwingine. Mwenye akaunti anaweza kuifunga simu hiyo akiwa mbali, na mwenye simu anaweza kuzisoma barua na kuzitazama picha za aliyemuuzia. Kwa askari hili si jambo dogo. Askari anayemwachia mnunuzi akaunti yake, hata kwa nia njema ya kumsaidia asiyeona, amempa ufunguo wa nyumba yake, na pengine wa kambi yake.

Mataifa mengine yamekwisha kulibishania jambo hili mahakamani. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mchapishaji aliyekwisha kuuza kitabu hana tena mamlaka juu ya bei ya kukiuza mara ya pili. Lakini mwaka 2010 mahakama ya rufani ya nchi hiyo hiyo, katika kesi ya Vernor na kampuni ya Autodesk, ilisema kwamba mwenye leseni ya programu si mwenye mali. Ulaya ilikwenda njia nyingine: tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, kwamba leseni iliyouzwa bila kikomo cha muda yaweza kuuzwa tena, mradi muuzaji aifanye nakala yake isitumike.

Uganda nayo ina sheria zake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inadai kwamba muuzaji awe na haki ya kuuza, na kwamba bidhaa ilingane na maelezo aliyoyatoa. Aidha, mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Hapo ndipo wajibu wa polisi unapoonekana. Asiyeona akifika kituoni kulalamika kwamba simu aliyouziwa imenyamaza, asifukuzwe kwa kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kitoto. Wala muuzaji asitiwe mahabusu kabla ya kuulizwa. Yafaa kwanza ijulikane kama sauti ilizimwa tu, kwa kuwa katika simu nyingi za Android hurudishwa kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache. Kisha ichunguzwe kama muuzaji aliahidi kitu ambacho alijua si chake. Kama hakujua, hayo ni madai ya kupatanishwa au kupelekwa katika mahakama ya madai. Kama alijua, huo ni udanganyifu. Na kama IMEI ni ya simu iliyoibwa, hilo ni shauri jingine kabisa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji mwadilifu aandike hati yenye tarehe, bei na IMEI. Aitaje programu inayobaki na ile isiyobaki. Aondoe akaunti yake, kisha aiwashe sauti mbele ya mnunuzi. Kazi hiyo haichukui hata saa moja. Raia asiyeona atakayeondoka na simu inayosema, pamoja na hati mkononi, atakuwa amepata haki yake sawa na raia mwingine yeyote, na kuilinda haki hiyo ni sehemu ya kazi ya kila aliyevaa sare ya taifa.