Kuchagua Gari Lililotumika kwa Barabara za Vijijini

(Mada iliyotolewa mkoani Morogoro mbele ya watumishi, wakulima na wafanyabiashara wanaokusudia kununua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya watumiaji wote.)



Baada ya nyumba na shamba, gari ndilo ununuzi mkubwa kuliko wote ambao wengi wetu tutaufanya maishani. Mwalimu wa Mgeta, muuguzi wa Matombo au mfanyabiashara wa ndizi wa Kinole hulinunua kwa akiba ya miaka mingi, au kwa mkopo wa SACCOS unaokatwa katika kipato chake kila mwezi. Makato hayo hayasimami gari linapolala gereji. Ndiyo maana nawaomba leo tuzungumze taratibu, kabla fedha haijatoka mfukoni. Ikishatoka, mazungumzo huwa magumu zaidi.

Anza na barabara

Kabla ya kutazama gari lolote, itazame barabara yako. Chukua karatasi uandike mambo matatu: kilometa unazokwenda kwa siku, sehemu iliyo mbaya kuliko zote katika njia hiyo, na wiki ngapi kwa mwaka sehemu hiyo huwa mbaya kwelikweli. Sehemu kubwa ya barabara zinazosimamiwa na TARURA ni za udongo na changarawe, lakini udongo hauwi wa namna moja. Udongo mwekundu wa milimani huteleza. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata, hujaza nafasi zote za meno ya tairi, na gari zito huzama upesi kuliko gari jepesi.

Huenda ukagundua kwamba kati ya kilometa 30 za njia yako, 28 ni nzuri, na mbili zilizobaki huharibika wakati wa masika tu. Hapo swali hubadilika. Je, unahitaji gari kubwa la gharama, au gari dogo lililoinuka, lenye tairi nzuri, pamoja na subira ya kungoja mvua ikatike? Tukumbuke pia jambo moja la usalama: kuvuta kwa magurudumu manne husaidia gari kuondoka na kupanda mlima, hakulisaidii kusimama. Unapokanyaga breki katika mteremko unaoteleza, gari hilo halina faida yoyote juu ya gari la kawaida.

Yajue makundi matatu

Kundi la kwanza ni magari mepesi ambayo bodi na fremu ni kitu kimoja, kama Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester. Hutulia kwenye lami, hutumia mafuta kwa kiasi, na hutosha kwa barabara nyingi za changarawe. Kwa kawaida hayana gia nzito ya kupandia milima mikali, na tumbo lake si la kupigishwa mawe. Hapa pana mtego: RAV4 na X-Trail huuzwa pia zikiwa za kuvuta kwa magurudumu mawili tu. Usiamini nembo iliyobandikwa mlango wa nyuma. Inama uangalie kama ipo shafti inayokwenda nyuma na difu ya nyuma. Kama havipo, unauziwa jina.

Kundi la pili ni magari madogo ya kazi, kama Suzuki Jimny. Lina fremu, eksili imara na gia nzito, na kwa kuwa ni jepesi na jembamba hupita palipowashinda wakubwa. Lakini hubeba watu wachache na mzigo mdogo, na katika safari ndefu ya lami huchosha. Mwenye watoto wanne na magunia ya mahindi halimfai, hata kama amelipenda.

Kundi la tatu ni magari mazito ya fremu: Toyota Hilux, Land Cruiser Prado, Land Cruiser ya mkonga na Land Rover Defender ya zamani. Haya yana nguvu na uvumilivu, lakini mengi yake yameshafanya kazi nzito mikononi mwa miradi, kampuni au wakandarasi kabla ya kufika kwako.

Katika Hilux na mkonga, dereva ndiye anayeunganisha magurudumu ya mbele pale anapoyahitaji. Asiyaunganishe kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kidogo kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo huishia katika kuteleza, bali kwenye lami haina pa kwenda, hivyo hubana shafti na gia hadi kitu kivunjike. Kwa hiyo mwulize mwenye gari: ulikuwa ukiunganisha wapi, na lini? Jibu lake litakueleza mengi kuhusu hali ya vyuma usivyoviona.

Hesabu gharama ya kuishi nalo

Bei ya kununua hulipwa mara moja. Bei ya kuishi na gari hulipwa kila siku. Tuchukue mfano wa mtu anayekwenda kilometa 60 kwa siku, kwa siku 250 za kazi. Hizo ni kilometa 15,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilometa 12 kwa lita litakunywa lita 1,250. Linalokwenda kilometa 7 kwa lita litakunywa zaidi ya lita 2,140. Tofauti ni karibu lita 890. Zidisha kwa bei kikomo ya mwezi huu iliyotangazwa na EWURA, kisha ulinganishe na mshahara wako.

Baada ya mafuta, nenda duka la spea kabla hujaenda kwa muuzaji. Uliza bei ya vitu vitano vya gari unalolitaka: shokapu, pedi za breki, klachi, tairi moja na radieta. Uliza pia kama vinapatikana Morogoro mjini au lazima viagizwe. Ushauri wetu ni kwamba usitumie fedha zote kununulia. Tenga angalau sehemu moja kati ya tano kwa matengenezo ya mwanzo, kwa maana gari lililotumika halikosi deni la aliyelitumia.

Anayefikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani atumie kwanza kikokotoo cha kodi cha TRA kilichoko mtandaoni. Bei ya mtandaoni si bei ya kufika nyumbani, na umri wa gari unaweza kuongeza ushuru. Vilevile gari hilo sharti likidhi ukaguzi wa ubora unaosimamiwa na TBS.

Likague kabla hujalipenda

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Gari lililooshwa na kupigwa rangi linaelea. Kazi yako ni kujua limeundwa na nini.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Injini iliyochoka hujificha ikishapata moto. Tazama moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa, na mweupe usiokwisha hata baada ya injini kupata moto huashiria maji yanayoingia pasipostahili.

Lala chini utazame fremu. Kutu ya juu juu si kitu, ila palipovimba, palipotoboka au palipochomelewa upya ni jambo la kusimamisha ununuzi. Baadhi ya magari ya Japani yametoka katika mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini huku juu kuking'aa.

Mwombe fundi afungue kizibo cha difu ya mbele na ya nyuma. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imeingiwa na maji. Vuta mikanda yote ya usalama hadi mwisho na uinue zulia; tope lililokauka pale huashiria gari lililowahi kuzama.

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limezeeka na kupasuka. Katika magari ya kundi la kwanza, tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika kwa kulingana, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu huumia.

Usiziamini kilometa za kwenye dashibodi peke yake. Zilinganishe na ulikaji wa pedeli na usukani, na kwa gari la Japani omba cheti cha kusafirishia nje, ambacho huandikwa kilometa zilizosomeka kule.

Mwisho, liendeshe kwenye udongo. Unganisha magurudumu manne, ingiza gia nzito kama ipo, nenda mbele na nyuma, ukate kona taratibu. Muuzaji akisema mfumo huo ni mzima ila hauna haja ya kujaribiwa, chukulia kwamba ni mbovu na upange bei hivyo, au uondoke. Na fundi awe wako, umemlipa wewe. Fundi anayeletwa na dalali anamtumikia dalali.

Nyaraka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina katika kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha. Namba ya chesesi na ya injini uzisome kwenye chuma chenyewe, zilingane na kadi. Ukiambiwa kadi ipo benki, maana yake huenda gari ni dhamana ya mkopo. Nenda benki hiyo pamoja na muuzaji kabla ya kulipa hata shilingi. Ulizia pia madeni ya faini za barabarani na ya maegesho, kwa kuwa huandikwa kwa namba ya gari.

Andikeni mkataba, lipa kupitia benki, na mwende TRA kubadilisha umiliki bila kuchelewa. Wapo wanaotembea miaka mingi na kadi yenye jina la mtu mwingine. Siku mtu huyo akifariki, mnunuzi hujikuta akimwomba msimamizi wa mirathi gari ambalo amekwisha kulilipia.

Sheria inakulinda wapi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo huweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi aliyoitaja mnunuzi. Lakini masharti hayo humbana hasa yule ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mwenye yadi ya magari hayuko sawa na jirani anayeuza gari lake moja. Unaponunua kwa jirani, kinga yako kubwa ni ukaguzi na maneno yaliyoandikwa.

Jambo la pili: ukishalikagua gari, ni vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa kupita tu una hatari yake. Ufanye kamili, na kila ahadi ya muuzaji iingie katika mkataba: kwamba magurudumu manne yanafanya kazi, kwamba gari halijawahi kuzama, kwamba kilometa ni za kweli. Mweleze pia kwa maandishi kazi unayolitakia. Ukitendewa isivyo haki na mfanyabiashara, hifadhi stakabadhi, tangazo na ujumbe wa simu, kisha uwasilishe malalamiko Tume ya Ushindani.

Kuhusu matembezi ya mwisho wa juma

Najua wapo hapa vijana wanaolitaka gari hilohilo liwapeleke porini Jumamosi. Si vibaya. Ila gari litakalokufikisha kazini Jumatatu lisivunjwe Jumapili. Nendeni magari mawili, mkiwa na kamba madhubuti, koleo, ubao wa kuwekea jeki na pampu. Kumbukeni kwamba katika hifadhi za taifa ni marufuku kuacha barabara. Mto unaokwenda kasi usiupime kwa gari. Na baada ya kupita maji marefu, kagueni oili za difu. Msinunue gari lililoinuliwa springi kupita kiasi kwa sababu linapendeza: kadiri linavyoinuka ndivyo linavyokuwa jepesi kupinduka, na njia zetu za Uluguru zina makorongo kando.

Ndugu washiriki, muuzaji akikuharakisha kwa kusema yupo mteja mwingine njiani, mwache mteja huyo alichukue. Magari yapo mengi; mkopo wako ni mmoja, na familia itakayopanda gari hilo ni moja. Chagueni kwa barabara mnayoipita, kwa spea mnazoweza kuzinunua, na kwa nyaraka zinazosema kweli.