Mama, Linda Mifupa Yako Baada ya Kukoma Hedhi

Leo tunaongea juu ya mifupa ya mama aliyekoma hedhi.

Tunapomwona nyanya amepinda mgongo na kimo kimepungua, husema, "Ni uzee tu." Mama mwingine huteleza kwenye tope jeusi la Kano akienda kuteka maji, akaangukia mkono, na mkono ukavunjika. Anguko lilikuwa dogo. Mbona mfupa uvunjike? Huenda mfupa huo umekuwa ukikonda ndani kwa ndani kwa miaka mingi bila kuuma.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu kidogo na kujenga nyingine. Homoni ya kike iitwayo estrojeni huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza, mama anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Mifupa ikidhoofika hivyo, ugonjwa huo huitwa osteoporosisi. Mahali panapovunjika zaidi ni nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo. Mama akivunjika nyonga, huenda asitembee tena bila kusaidiwa.

Je, ni nani aliye katika hatari zaidi?

Kwanza, mama ambaye hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa ovari kwa upasuaji.

Pili, mama mwembamba sana, au ambaye mzazi wake alivunjika nyonga.

Tatu, anayevuta sigara au kunywa pombe nyingi, iwe bia, busaa au chang'aa.

Nne, anayeshinda ameketi, asiyefanya kazi ya kusimama wala kutembea.

Tano, aliyetumia vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi, labda kwa sababu ya pumu au ugonjwa wa viungo.

Sita, mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa. Tena dawa ya tenofoviri, iliyomo katika vidonge vya ARV vinavyotumiwa na wengi, hupunguza uimara wa mifupa kiasi.

Hapa nisikilize vizuri, mama. Usiache ARV! Dawa hizo ndizo zinazokuweka hai. Prednisoloni nayo usiikatize ghafla, kwani ni hatari. Siku yako ya kliniki ikifika, mweleze daktari hedhi ilikoma lini na kama umewahi kuvunjika. Yeye ndiye atakayeamua kama dawa ibadilishwe, kama upimwe mifupa, au kama upewe dawa ya kuiimarisha.

Nyumbani tufanye nini? Mama aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za madini ya kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina 300 hivi, kwa hivyo tone la maziwa ndani ya chai halitoshi. Lakini tuna omena. Ngege ni mtamu, ila mifupa yake tunaitupa. Omena tunamla na mifupa yake, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Ongeza maziwa lala, sukuma wiki na sageti, ile mboga ambayo wengi huku huiita dek. Maharagwe na mayai pia husaidia. Toka nje upate jua, maana jua huupa mwili vitamini D.

Endelea kutembea na kulima. Mfupa unaofanya kazi hubaki imara. Lakini mama ambaye tayari amepinda mgongo au amewahi kuvunjika asiinue mtungi mzito wala mzigo wa kuni. Vijana wa nyumbani wambebee.

Nawe mlezi, zuia maanguko. Ondoa vitu njiani, mpe tochi ya kwendea choo usiku, na viatu visivyoteleza. Kama haoni vizuri, mpeleke akapimwe macho. Akilalamika maumivu ya ghafla ya mgongo, au akianguka na kushindwa kusimama, usimkande wala kumvuta. Mpeleke hospitali.

Ya kukumbuka:
1. Mifupa hudhoofika kimyakimya baada ya hedhi kukoma.
2. Kuvunjika kwa anguko dogo si uzee tu. Mwone daktari.
3. Usiache dawa bila ushauri.

Mweleze jirani yako uliyoyasikia leo.