Kreti Moja ya Matufaha, Yote Yaonekane

Somo kwa redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Ndugu mwenye redio na aongeze sauti kidogo ili wale wa nyuma wasikie. Nawe unayelisoma somo hili karatasini, soma polepole, na mahali ninapokuambia ufanye jambo kwa mkono, weka karatasi chini ulifanye. Wazee wetu walikusanyika vivyo hivyo mbele ya redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kufanya kazi. Nasi tufuate desturi hiyo.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kupiga picha ya bidhaa. Huenda mmoja wenu akauliza, “Mwalimu, mkulima ana haja gani na elimu ya picha?” Nitajibu kwa kisa.

Msimu wa matufaha uliopita, wanafunzi wa darasa moja hapa Matamba walichuma matufaha yao, wakayachagua vizuri, wakayapanga katika kreti. Kijana mmoja akainama mbele ya kreti, akapiga picha kwa kamera aliyoazima, wakaituma kwa mnunuzi aliyeko Mbeya. Mnunuzi alijibu hivi: “Ndugu zangu, mstari wa mbele nimeuona, ni mzuri. Huko nyuma naona ukungu mtupu. Mmeficha nini?”

Hawakuficha kitu. Matufaha ya nyuma yalikuwa sawa na ya mbele. Lakini mnajua njia yetu. Kutoka Chimala kupanda huku juu kuna zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na hakuna mtu anayepandisha gari kona zote hizo kwa ajili ya mali anayoitilia shaka. Gari halikuja. Mzee mmoja wa darasa lile aliniambia, “Mwalimu, mimi sijamwibia mtu hata punje ya ngano. Leo picha inaniita mwizi.”

Neno lile liliniuma. Basi tutazame kwa nini picha ilisema uongo ambao wenyewe hawakuusema.

Kwanza, tufanye jaribio. Fumba jicho moja. Inua kidole chako mbele ya jicho lililo wazi, karibu kiasi cha shubiri moja. Kitazame kidole sawasawa. Sasa, bila kuacha kukitazama kidole, angalia mlango ulio nyuma yake ukoje. Una ukungu, sivyo? Haya, utazame mlango. Sasa kidole ndicho kilichoingia ukungu. Jicho haliwezi kuviona wazi vyote viwili kwa wakati mmoja. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Kurekebisha lenzi mpaka kitu kionekane wazi, tutakuita kulenga. Kamera hulenga umbali mmoja tu. Vitu vilivyo mbele kidogo na nyuma kidogo ya umbali huo huonekana wazi pia, na vilivyobaki huingia ukungu.

Tena, kadiri unavyosogea karibu na kitu, ndivyo ile nafasi ya kuonekana wazi inavyopungua. Andikeni hesabu hii. Tuchukue kamera kubwa ambayo sahani yake ya kupokea mwanga ina milimita 24 kwa 36. Tuitie lenzi ya milimita 90, tuiweke mita 1 kutoka kwenye tufaha, na tundu la lenzi tulifungue kwa namba 8. Nafasi iliyo wazi, toka mbele hata nyuma, ni sentimita 5 hivi. Tufaha moja lajaza nafasi hiyo. Kreti yenye kina cha sentimita 40 itafanyaje?

Mwingine atasema, “Lipunguze tundu.” Ni kweli, tundu likiwa dogo nafasi iliyo wazi huongezeka. Angalieni tu kwamba namba za tundu huenda kinyume: namba kubwa maana yake tundu dogo. Tukilifunga mpaka namba 22, tutapata sentimita 15 hivi. Bado hazifikii 40. Zaidi ya hayo, mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima hupoteza makali yake. Basi kwa njia hiyo tumeongeza kidogo na kupoteza kidogo.

Sasa fikirini ubao usioonekana. Mahali pote panapoonekana wazi katika picha ni kama ubao uliosimama wima mbele ya kamera, umeelekea kamera uso kwa uso. Kreti nayo imelala chini. Ubao umesimama, kreti imelala. Vitakutana wapi? Katika mstari mmoja tu. Ndiyo sababu mnunuzi wa Mbeya aliona mstari mmoja wa matufaha. Dawa yake ni kuulaza ubao ule ulale pamoja na kreti.

Je, ubao usioonekana hulazwaje? Huinamishwa kwa kuinamisha lenzi. Chukua kitabu chako, kisimamishe mezani, ukifungue, kisha ushike kurasa tatu uzitenganishe. Ukurasa wa kwanza ni ile sahani ya kamera inayopokea mwanga. Ukurasa wa pili ni lenzi. Ukurasa wa tatu ni mahali panapoonekana wazi. Kila ukurasa umeelekea upande wake, lakini zote tatu zinakutana mgongoni mwa kitabu. Hiyo ndiyo kanuni. Lenzi ikiwa sambamba na sahani, ubao nao husimama sambamba nazo. Lenzi ikiinama, ubao huinama pia, tena huinama zaidi ya lenzi yenyewe, mpaka zote tatu zikutane katika mstari mmoja.

Kanuni hii huitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1911. Yeye hakuwa akipiga picha za matufaha. Alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza ramani kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na picha hizo zilitoka zimepinda kwa sababu kamera iliinama. Aliandikisha uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1904. Kabla yake, mwaka 1901, Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amekwisha kuandikisha jambo linalokaribiana na hilo. Basi elimu hii ina zaidi ya miaka mia, na tangu zamani wapiga picha wenye kamera kubwa za mfuko wa kukunjwa waliitumia.

Siku hizi ziko lenzi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Huitwa lenzi za kuinamisha na kusogeza. Mwaka 2017 kampuni ya Canon ilitoa tatu za namna hiyo za kupigia picha za karibu, moja ya milimita 50, moja ya 90 na moja ya 135. Ile ya 90 na ile ya 135 huweza kuinama hadi nyuzi 10, na zote tatu huchora kitu kwa nusu ya ukubwa wake wa kweli. Nilipata kumwona mpiga picha mmoja wa Dar es Salaam akitumia lenzi ya kuinamisha, wakati nilipokuwa nikisoma stashahada yangu. Alifanya hivi.

Kwanza, aliweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, maana mkono hutikisika. Pili, alianza lenzi ikiwa imenyooka, akalenga kitu cha mbele, kisha akatazama cha nyuma. Tatu, aliinamisha lenzi kidogo sana kuelekea chini, kwenye bidhaa, akalenga tena. Cha nyuma kikaanza kuwa wazi. Akainamisha tena kidogo, akalenga tena, mpaka mbele na nyuma vikawa sawa. Nne, alifunga tundu kwa namba 11, kwa kuwa vitu vina kimo chake na ubao ule ni mwembamba. Kama katikati ya kreti ungesimamisha chupa ndefu, shingo yake ingetoka nje ya ubao na kuingia ukungu. Na ukiinamisha lenzi upande usiofaa, mambo huharibika zaidi: tufaha moja huonekana, mengine yote hupotea.

Nimesema pia lenzi hiyo husogezwa. Kusogeza ni jambo jingine. Chungu cha Wakisi kutoka ziwani, ukikipiga picha huku kamera imeinama kukitazama, kitaonekana kipana juu na chembamba chini, kana kwamba mfinyanzi alikosea. Ukiiweka kamera wima, ukaishusha lenzi peke yake, chungu chote huingia katika picha na umbo lake hubaki kama alivyolifinyanga yule mama. Vile vile chupa ya asali yenye upande bapa unaong’aa kama kioo: weka kamera pembeni kidogo, usogeze lenzi kuelekea chupa, na sura yako haitaonekana ndani yake.

Basi sasa mtaniuliza bei. Mwaka 2017 kila moja ya lenzi zile tatu za Canon iliuzwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani ikiwa mpya. Sikuleta somo hili ili mkauze ng’ombe. Aliyeielewa kanuni anaweza kuitumia bila lenzi hiyo. Tumesema ubao na kreti havikutana kwa sababu kimoja kimesimama na kingine kimelala. Kama huwezi kuulaza ubao, iinue kreti!

Hivyo ndivyo tulivyofanya darasani. Tuliweka mawe mawili chini ya upande wa nyuma wa kreti, ikainuka na kuelekea kamera. Aliyeshika kamera alisimama juu ya benchi, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama kreti uso kwa uso. Tuliiweka karibu na dirisha, mahali penye mwanga usio wa jua kali, na upande wa pili mtu mmoja akashika karatasi nyeupe ili kupunguza kivuli. Simu ya kawaida nayo yafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa lenzi yake ni ndogo, na nafasi yake ya kuonekana wazi ni kubwa kuliko ya kamera kubwa. Mkulima wa pareto aliyeanika maua yake juu ya mkeka naye aweza kusimama juu ya kitu imara akayapiga kutoka juu.

Picha ya pili ilionyesha kreti nzima, hata matufaha mawili yenye madoa yaliyokuwa kona ya nyuma. Kijana akataka kuyaondoa apige tena. Mwingine akasema, “Tuyapange mabaya chini, mazuri juu.” Hapo yule mzee niliyemtaja aliinuka. Akasema, “Jana picha ilituita wezi bure. Leo mnataka kuipa ushahidi?” Darasa likanyamaza. Yale mawili yaliondolewa kreti nzima, yakaliwa pale pale, na kreti zote zikachaguliwa upya kabla ya kupigwa picha.

Wasikilizaji, hapo ndipo penye somo kubwa. Picha iliyo wazi ni kama mizani: humsaidia muuzaji mwaminifu, na humuumbua asiye mwaminifu siku gari litakapofika. Tena picha ina mipaka yake. Haiwezi kuonyesha uzito wa gunia, wala ladha ya tunda, wala nguvu ya dawa iliyomo katika ua la pareto. Kwa hiyo chini ya picha andikeni kwa mkono wenu: aina, idadi, uzito, na tarehe ya kuchuma. Kwa ajili hiyo ndiyo mnajifunza kusoma na kuandika. Mnunuzi wa Mbeya alipopata picha ya pili pamoja na maneno hayo, alijibu kwa swali moja tu: “Nije lini?”

Sasa maswali ya kuzungumza darasani.

1. Kwa nini matufaha ya nyuma yalitoka na ukungu katika picha ya kwanza?
2. Tundu la namba 8 na tundu la namba 22, lipi ni dogo?
3. Onyesha kwa kurasa tatu za kitabu namna lenzi, sahani na ubao vinavyokutana.
4. Kama huna lenzi ya kuinamisha, utafanya nini?
5. Andika mistari minne ya kuweka chini ya picha ya bidhaa yako.

Mwenye simu na awasaidie wenziwe wasio nayo. Pigeni picha mbili za kitu kimoja, ya kwanza kikiwa kimelala, ya pili kikiwa kimeinuliwa, mzilinganishe. Mpaka tutakapokutana tena kwa somo jingine, nawatakia kazi njema. Kwaherini.